Chadema na CCM ni walewale?
Hapana mkuu, ukisema Chadema, chama cha upinzani Tanzania, ni chama tawala CCM kilichobadili shati mi nakataa, ila najua hasira yako inatoka wapi. 2015 iliniuma sana, Chadema iliyomsema Lowassa, waziri mkuu wa zamani wa CCM, miaka yote kwa sakata la Richmond (mkataba wa umeme wenye utata) ikampa tiketi ya urais, akapata kura zaidi ya milioni 6 halafu 2019 huyooo karudi CCM. Lile lilikuwa kosa kubwa. Lakini angalia sera bana, Chadema wanataka serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano) kama rasimu ya katiba ya tume ya Jaji Warioba, wanataka utawala wa majimbo ili mkuu wa mkoa asiteuliwe na rais, CCM hayo hawataki kabisa kuyasikia, sasa huo uwalewale uko wapi?