Ganzi ya dakika chache

Umeuliza kama mtoto anayecheza gemu za kuuana ataacha kushtuka akiona mtu anaumia kweli. Ganzi ipo, ila sidhani kama inakaa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwachezesha wanafunzi wa chuo gemu kwa dakika 20, kisha wakawaonyesha video ya dakika 10 ya ukatili halisi. Waliotoka kwenye gemu za mapigano, mapigo yao ya moyo yalikuwa chini kuliko ya wenzao, na ngozi haikutoa jasho sana. Sawa, lakini walipimwa papo hapo, gemu bado ya moto kichwani. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: watu wazima walicheza GTA V, gemu ya uhalifu na kuuana, kila siku miezi miwili, na matokeo ya 2018 hayakuonyesha ukali kuongezeka wala huruma kupungua.

Mpwa wangu ni bingwa wa banda la gemu hapa mtaani, vichwa alivyopasua havihesabiki. Juzi bodaboda iligongwa mbele ya banda lile lile. Alitoka mbio, akaona mguu wa yule dereva, akakaa chini mchangani midomo ikimtetemeka. Usiku nyama hakuigusa, na huyu kwa nyama namjua!

Mimi hofu yangu ni zile video za ajali za kweli tunazorushiana WhatsApp asubuhi na mapema kabla hata ya chai. Hizo mbona hatuziulizi?