Muvi jero kwenye flashi: huo ni wizi au sio?

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi, mimi nina laibrari ya muvi huku Mwanza, watu wanaleta flashi nawaingizia muvi na sizoni, muvi moja jero. Sasa shemeji yangu kila akipita dukani lazima aniite mwizi, tena mbele ya wateja. Mimi namwambia mwizi ni yule anayebeba tv yako ukabaki unatazama ukuta, mimi nakopi tu na mwenye muvi bado anayo. Nani yupo sahihi? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Mdogo wangu, hoja ya tv nakupa, na hujaanza wewe. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza rufaa ya jamaa anaitwa Dowling aliyekuwa anauza santuri za Elvis Presley zilizotengenezwa bila kibali, majaji walio wengi wakasema santuri zile haziwezi kuhesabiwa mali ya wizi kwenye sheria ile aliyoshtakiwa nayo. Ila usikimbilie kumtambia shemeji, maana makosa ya kuvunja hakimiliki yalibaki palepale. Na kwetu ni hivyohivyo, tuna sheria yake kabisa ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, faini ipo na jela ipo. Muvi za Hollywood nazo zimo, Tanzania ipo kwenye mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki, tangu 1994.

Haya, mimi kinachonikera sio kukopi, ni hiyo jero. Mtu akichukua sizoni kwa rafiki yake akaangalie nyumbani na mkewe namwelewa, wengine hata kadi ya kulipia mtandaoni hawana na bando ndo hivyo tena. Lakini wewe unafanya biashara. Mwenye fremu unamlipa kodi, umeme unanunua, bando unanunua, kijana wa kukaa dukani unampa chochote, yaani wote wanakula kwenye hiyo muvi isipokuwa aliyeitengeneza, halafu unasema bado anayo. Anayo ndiyo, ataila?

Waulize wa Bongo muvi enzi za DVD. Wengi walikuwa wanamuuzia msambazaji wa Kariakoo filamu nzima kwa malipo ya mara moja basi, na msambazaji akijua kopi feki zitajaa mtaani muda si mrefu unadhani bei anapandisha? Hasara inashuka mpaka kwa yule aliyeigiza kama jirani kwenye sini mbili.

Mambo ya hela halali kamuulize shehe au mchungaji wako, mimi sio saizi yangu. Ila kama unataka kuendelea na kazi anza na muvi za Kibongo, ziondoe kwenye kompyuta halafu watafute waandaaji wenyewe, wengi hawako mbali kihivyo, muongee asilimia. Jero ikibidi iwe buku iwe, wateja watanuna kidogo watarudi.