Mchezo wa tatu ukikushinda kwenye bolingi, anza na miguu

Ndugu yetu ameuliza kwa nini tufe lake la bolingi, lile linaloviringishwa ili kuangusha pini, hupoteza mwelekeo kila anapofikia mchezo wa tatu, na kama inafaa aanze kunyanyua vyuma ili akaze mikono. Mimi ni mchezaji wa kujifurahisha tu, lakini nimecheza miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba mikono isubiri kwanza.

Tufe zito kuliko yote linaloruhusiwa lina kilo 7.26, na mchezo mmoja wa fremu 10, yaani zamu 10 za kutupa, unaweza kufikia mitupo 21, kwa hiyo anayecheza michezo mitatu mfululizo hupiga hatua zake nne au tano, huteleza na kukunja goti lile lile mara nyingi sana. Mkono uliolegea hubembezwa na uzito wa tufe lenyewe. Mguu wa kutelezea ndio unaopokea mwili mzima na kuusimamisha kabla ya mstari wa faulo, ambao mtupaji haruhusiwi kuuvuka. Paja likichoka, goti halikunjiki vya kutosha, kiwiliwili kinainuka, na tufe linadondoshwa badala ya kulazwa sakafuni. Kwa kuwa pini ya kwanza iko zaidi ya mita 18 mbele, mkengeuko mdogo mkononi huwa mkubwa likifika huko.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote halihitaji kifaa. Piga hatua ndefu mbele, shuka taratibu hadi paja la mbele likaribie kulala sambamba na sakafu, kisha upeleke mguu wa nyuma kwa mshazari, kama unavyokaa unapomaliza mtupo, na utulie hapo kwa pumzi tatu bila kuyumba. Utakapoona kifundo cha mguu kinatikisika, umeshajua udhaifu ulipo. Fanya kwa miguu yote miwili, ingawa wengi huukazia ule wa kutelezea pekee. Mchezo wenyewe tayari unaulemaza upande mmoja, basi mazoezi yasiuongezee.

Kwa kiuno na vidole kwa pamoja, beba kitu kizito kwa mkono mmoja, tembea umenyooka bila kuegemea upande wowote, kisha badilisha mkono. Bega nalo hulindwa kwa mpira wa kuvuta: kiwiko kibane ubavuni, kigasha kizungushwe nje polepole. Uzito mkubwa hauna maana hapa.

Pumzi haitaki makuu. Kutembea kwa kasi, kuogelea au kuendesha baiskeli kunatosha, na asiyependa kukimbia asijilazimishe. Siku mbili au tatu kwa juma zinafaa, ila usiyachoshe mapaja siku moja kabla ya kucheza, na kabla ya mtupo wa kwanza pasha mwili moto kwa kutembea na kubembeza mikono mitupu.

Jambo la mwisho ni kidole gumba. Kama kinauma, au kigasha kinakakamaa mapema, angalia matundu ya tufe kabla ya kuongeza mazoezi, kwa sababu tundu lisilokutosha hukulazimisha kubana kwa nguvu muda wote, na kubana huko kunaharibu mbembeo hata kwa mwenye mkono wa chuma. Badilisha tufe, au mpelekee fundi alitoboe upya kwa kipimo cha mkono wako.