Tovuti yako haifungwi kesho

Shangazi yangu anakodisha mahema na viti vya harusi huko Kahawa West, na tovuti yake niliitengeneza mimi. Mwaka jana, Jumatatu asubuhi, alinipigia nikiwa ndani ya matatu pale Roysambu. "Mwanangu, benki imenitumia namba za siri kwa simu. Niziandike wapi?" Nikamwambia asiziandike popote, nikashuka.

Alikuwa amepata baruapepe ya Kiingereza kizito: cheti cha usalama cha tovuti yake (kile kinachokihakikishia kivinjari kwamba tovuti ni yenyewe) kinaisha, alipe dola 89 ndani ya saa 24, la sivyo wateja watafungiwa nje. Kulikuwa na picha ya kufuli, rangi za kupendeza, na jina la domeini yake, yaani anwani ya tovuti, bila kosa hata moja. Kadi ya benki alikuwa ameshaijaza. Zilibaki zile namba za siri tu.

Utapeli wenyewe haukunishangaza, maana Nairobi tumezoea ujumbe wa "ile pesa itume kwa namba hii". Nilichoshindwa kukielewa ni tarehe. Walitaja siku ambayo cheti kinaisha, na siku hiyo ilikuwa sahihi kabisa.

Ilinichukua nusu siku kung'amua. Vyeti vinavyotolewa huandikwa katika madaftari ya wazi mtandaoni: jina la domeini, aliyekitoa, siku kinapoisha. Mtu yeyote anaweza kusoma, hata wewe, nenda kwenye tovuti ya crt.sh uandike jina la tovuti yako. Wazo hilo lilipata nguvu baada ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti, kuvamiwa na wadukuzi mwaka 2011 na vyeti vya uongo kutolewa kwa jina la Google. DigiNotar ilifilisika mwaka huo huo. Madaftari yakiwa wazi, cheti cha bandia hakijifichi. Lakini tapeli naye anajua kusoma. Alikiona cheti cha zamani cha shangazi, ambacho kweli kilikuwa kinafika mwisho, akafumbia macho kile kipya ambacho seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ilikuwa imeshakichukua yenyewe mwezi mmoja kabla. Bila malipo.

Hapo kwenye malipo nami niliwahi kuliwa. Mwaka 2017 nilikuwa nikilipa shilingi 7,500 kwa kila mteja, kila mwaka, kwa muuzaji mmoja wa hapa mjini. Hakuniibia, vyeti vilikuwa halali. Ila alijua, nami sikujua, kwamba kitu hicho hicho kilikuwa kikitolewa bure.

Zamani soko hili lilikuwa la wachache, na wachache hao walimezana. Thawte, iliyoanzishwa Afrika Kusini na Mark Shuttleworth mwaka 1995, ilinunuliwa na VeriSign mwaka 1999 kwa dola milioni 575 (Shuttleworth akaenda hadi anga za juu mwaka 2002, pesa ya vyeti si ya mchezo). VeriSign ikaiuzia Symantec biashara hiyo mwaka 2010. Symantec nayo, baada ya Google kutangaza kwamba itaacha kuamini vyeti vyake, ikamwachia DigiCert mwaka 2017. Wakati wakubwa wakishikana mashati, Let's Encrypt, inayotoa vyeti bure chini ya shirika la Marekani lisilotafuta faida, ilikuwa imefungua milango Desemba 2015. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imetoa vyeti bilioni moja. Leo hakuna anayetoa vingi kuliko wao. Benki na mashirika makubwa bado hununua, wana sababu zao. Mwenye duka la mahema hana.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kufungua kadi, ni kujua cheti chako kimetoka kwa nani. Fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, fuata sehemu ya usalama hadi uone cheti. Utakuta aliyekitoa na tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha. Ukikuta Let's Encrypt, mambo ni mepesi: hawajawahi kumtoza mtu, na tangu tarehe 4 Juni 2025 waliacha hata kutuma baruapepe za kukumbusha kwamba cheti kinaisha. Anayekuandikia kwa jina lao akitaka dola, futa.

Ukikuta jina lingine, usibofye kiungo cha kwenye baruapepe. Mpigie anayehifadhi tovuti yako, kwa namba uliyonayo wewe.

Let's Encrypt nayo ina kero zake. Mteja mwenye simu ya Android ya zamani, chini ya 7.1.1, huenda akaonyeshwa onyo kwenye tovuti yako tangu mwishoni mwa Septemba 2024, kwa sababu simu hiyo haiutambui mzizi wao mpya, yaani cheti kikuu ambacho vyeti vyao vingine hutegemea. Simu za namna hiyo bado zipo mikononi mwa watu.

Na barua hizi za utapeli zitazidi. Kuanzia tarehe 15 Machi 2026 cheti kipya hakiruhusiwi kuzidi siku 200. Mwaka 2027 zitakuwa 100, na 2029 siku 47 tu. Tarehe nyingi za kuisha, visingizio vingi vya kutisha watu. Kama fundi wako bado anabadilisha cheti kwa mkono na kukutumia bili kila mara, mwulize kwa nini seva haifanyi yenyewe.

Ila domeini ni kitu kingine. Hiyo ya .co.ke hulipiwa, na usipolipa inapotea kweli. Nilimweleza shangazi tofauti hii mara mbili, tukinywa chai. Mwezi uliopita akafuta ankara halali ya domeini akidhani ni wale wale matapeli, na mimi nikailipa kwa M-Pesa saa tano usiku. Mpaka leo hajanirudishia.