Barua kwa mwanangu: Ungerudishwa nyuma, mama?

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jikoni, nikauacha, nikaurudia usiku baba yako alipokuwa amelala. Unasema mume wako ameombwa kwenda kutumika kwa Wabatak, kule Sumatra, Indonesia, na mnatakiwa mjibu kabla ya Krismasi. Halafu ukauliza: "Mama, ungerudishwa nyuma, ungekubali tena kwenda Ujerumani?" Ungeniuliza kwenye simu ningekujibu kama mke wa mchungaji. Afadhali niandike.

Wakati ule Bukoba nzima ilituona tumepata. Tangu 1910 wamisionari wa Kijerumani wa Betheli ndio waliokuwa wakija kwetu. Misioni yao ilipogeuka mwaka 1996 kuwa umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, zamu ya kutumwa ikatufikia na sisi. Baba yako alipata barua mwaka 2001. Usharika uliimba, kina mama wakatufungia kahawa ya kutafuna na mikeka, kama vile Wuppertal, mji wa Ujerumani tuliokuwa tukienda, hakuna pa kukalia. Wewe ulikuwa na miaka 6. Kaka yako alikuwa na 15, kidato cha pili, na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yake.

Tuliomba sana, usiku na mchana. Lakini katika maombi yote yale hatukumwuliza kaka yako. Tulimpa habari: utabaki kwa bibi, umalize shule, utakuja likizo. Katika miaka 6 alikuja mara moja. Nauli.

Wewe uliupenda mji haraka kuliko sisi. Ulitaka kila Jumamosi tupande ile treni inayoning'inia juu ya mto, iliyoanza kazi 1901, na mimi nafumba macho kila ikipiga kona. Siku ya kwanza ya shule ulibeba lile pembe kubwa la karatasi lililojaa peremende, wanalopewa watoto wa kule, ukakataa kulishusha hata kwenye picha. Na tarehe 11 Novemba, watoto wanapotembea usiku na taa za karatasi kumkumbuka Mtakatifu Martin, ukaniuliza mbele ya mwalimu wako: "Mama, senene wenyewe wataanguka saa ngapi?" Ulidhani taa zile ni za kuwavutia senene. Nilicheka, kisha nikaingia chooni kulia.

Mimi, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 11, kule sikuwa na kazi. Vyeti havikutosha, na Kijerumani changu kilikuwa cha kununulia viazi. Jumapili kanisani vilikuwa vichwa vyeupe vichache, vimetawanyika kwenye viti vingi, na bibi mmoja mwenye roho nzuri kabisa aliniuliza nimekimbia vita gani. Huku nyumbani ndugu walijua tunaoga euro. Hayo yamepita, siyo yanayoniamsha usiku.

Kinachoniamsha ni zile safari za kutembelea sharika. Baba yako anaonyesha picha za Kagera, wewe tunakuvisha kitenge, unaimba "Bwana Mungu nashangaa kabisa", watu wanafuta machozi, kapu linapita. Ulipofika miaka 11 ukasema huimbi tena. Baba yako alikasirika ndani ya gari njia nzima, na mimi nilinyamaza ingawa nilijua una haki. Hukuitwa wewe, mwanangu. Tuliitwa sisi, wewe ulibebwa.

Kihaya kilikutoka kidogo kidogo. Nilikuwa nakaa katikati ya simu natafsiri, bibi upande huu, mjukuu wake upande ule, dakika za kadi zinaisha. Tuliporudi 2007 shuleni wakakuita Mjerumani. Insha yako ya kwanza ya Kiswahili ninayo mpaka leo: Mama, Meza, Ndizi, kila jina limeanza kwa herufi kubwa kama wafanyavyo wao. Mwalimu aliweka wino mwekundu ukurasa mzima.

Na kaka yako. Siku tuliyofika alikuwa ameshakuwa kijana wa miaka 21. Aliamkia "Shikamoo baba, shikamoo mama," akatuvutia viti vya wageni, akaleta maji ya kunawa, akasimama na taulo mkononi mpaka tukamaliza. Hakukosea kitu. Alitupokea vizuri sana, kama anavyopokelewa askofu. Bibi ndiye aliyemwita kwa jina la nyumbani, siyo mimi. Mimi nililijua jina, lakini lilinikwama.

Ulimsoma Livingstone shuleni. Mkewe Mary hukufundishwa. Alikuwa mtoto wa wamisionari kama wewe, binti wa Moffat wa Kuruman, Afrika Kusini, akaolewa na mmisionari. Mwaka 1852 mumewe alimpandisha meli Cape Town na watoto wanne kwenda Uingereza, yeye akarudi kwenye safari zake. Mama yule alihangaika na watoto nyumba hii na nyumba ile, zaidi ya miaka minne. Alipomfuata tena mumewe, alikufa Shupanga, kando ya Zambezi, 1862. Mtoto wao Robert akafa 1864 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akitumia jina ambalo si lake. Baba yako alipenda kumhubiri Livingstone. Nilikuwa nikimsikiliza nafikiria yule kijana aliyebadili jina.

Sasa swali lako. Ndiyo, ningekwenda. Kazi ilikuwa ya kweli, na wewe leo una lugha tatu na moyo usioogopa watu. Ila ningekwenda na kaka yako, mtihani ungefanyika mbele ya safari, au ningesubiri miaka miwili amalize kidato cha nne. Barua ya kutumwa ingesubiri. Makanisa yana subira kuliko watoto. Wabatak nasikia makanisa yao yanajaa, hamtakuwa wapweke kama sisi. Lakini mkubwa wako ana miaka 8, mkalishe, mwulize, na akisema hapana msimwambie Mungu ameshasema ndiyo. Andikeni mwaka wa kurudi kabla hamjaondoka. Kiswahili mezani kila siku, hata akinuna. Na msiwaimbishe.

Kabla hujanijibu, mpigie kaka yako. Hajawahi kuniuliza hilo ulilouliza wewe.

Mama yako