Ramani kwa darasa la tatu na la nne: anza na kiberiti

Mwalimu, umeuliza kwa nini watoto wanakariri dira, fremu, ufunguo na skeli (uwiano wa umbali kwenye ramani na umbali halisi), halafu ukiwapa ramani hawajui hata wamesimama wapi. Ramani ya ukutani iondoe kwanza.

Laza kiberiti juu ya karatasi. Mtoto akitazame kutoka juu kabisa, apitishe penseli kukizunguka, kisha akiondoe. Arudie kwa kikombe na kifutio. Ukiruka hatua hii watachora meza zenye miguu minne na nyumba zenye milango, na utasahihisha hilo muhula mzima.

Kisha pimeni darasa kwa kamba yenye fundo kila mita. Huku Mwanza wengi hukimbilia uzi wa nyavu kwa kuwa upo tele, lakini nailoni huvutika, ukuta wa mita 8 ukasomeka 7 na ushee. Tumia katani. Wachore kwenye daftari la hesabu, vyumba viwili kwa kila mita, hivyo darasa la mita 8 kwa 6 litakuwa vyumba 16 kwa 12. Angalia hapa: wanapima kuta vizuri, halafu madawati wanayapachika kwa kukadiria. Kila dawati lipimwe kutoka kona moja ile ile, mita ngapi kulia, ngapi mbele. Gridi, yaani mistari ya miraba ya kutafutia mahali kwenye ramani, itakuwa imeshaingia bila kuitaja.

Kaskazini ndiyo shughuli. Simika fimbo ya mita 1 wima, uwanja ukiwa tambarare. Weka jiwe kwenye ncha ya kivuli saa sita na nusu mchana, na la pili baada ya dakika 30. Ukisimama jiwe la kwanza likiwa kushoto na la pili kulia, unatazama kaskazini. Usifanye asubuhi, mstari unaweza kupinda, hasa Juni na Desemba. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 na Mwanza iko karibu 33, kwa hiyo jua hufika juu kabisa kama saa saba kasoro, si saa sita.

Sasa laza ramani chini, uizungushe mpaka kaskazini yake ilingane na mawe. Ikining'inia ukutani, mtoto akiulizwa kaskazini anaonyesha dari. Tena kwa kuwa Ziwa Victoria liko juu kwenye ramani ya Tanzania, wengi wanaamini ukilitazama ziwa unatazama kaskazini. Wapeleke kwenye kivuko cha Kamanga: ng'ambo ni Sengerema, magharibi, na jua linazama huko huko.

Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ziachie madarasa ya juu. Wakifika, weka jiwe kavu kwenye beseni, ongeza maji sentimita 2 kila mara, chora ukingo wa maji kwa kreyoni ya nta (chaki huoshwa), kisha watazame kutoka juu. Penye mteremko mkali mistari hubanana.

Kuwapima, ficha kifutio, tia alama kwenye ramani ya mtoto mmoja, umpe mwenzake akitafute. Asipokipata, wakague skeli kwanza.