Kabla hujamlipia jogoo, mwinue umtazame nyayo

Mwaka wangu wa tatu wa kufuga Australorp, kuku weusi wa Australia, mzee mmoja wa Kibosho alishuka kwenye daladala akatembea mpaka kwangu Rau, trei ya mayai mkononi, mtetea kambana kwapani. Tulisalimiana, akanywa chai, akaulizia watoto. Halafu akamgeuza yule mtetea miguu juu.

"Mwanangu, hebu tazama hapa. Wewe uliniambia huyu ni mbegu halisi."

Nyayo zilikuwa njano kama ndizi mbivu. Na kwenye trei mayai yalikuwa ya rangi tatu: kahawia hafifu, krimu, na mengine karibu meupe kabisa. Sikuwa na la kujibu, maana vifaranga nilimuuzia mwenyewe.

Kosa lilianzia kwa jogoo niliyemnunua Arusha. Jogoo mzuri, mweusi, juani anang'aa kijani kama mgongo wa nzi wa kijani, upanga wa kichwani umesimama wima. Nikalipa bila kumwinua. Australorp anatakiwa awe na miguu ya kijivu iliyokoza, lakini chini, kwenye unyayo, ngozi iwe nyeupe. Huyu wangu unyayo ulikuwa wa njano, na mimi nilikuwa nashangaa manyoya.

Ubaya wa njano ni kwamba inajificha. Kwa kuku, ngozi nyeupe ina nguvu kuliko ya njano, kwa hiyo jogoo huyo ukimpa mitetea safi, watoto wote wanatoka na nyayo nyeupe. Mimi nikafurahi, nikabakiza mabinti, nikawaacha banda moja na baba yao. Hapo ndipo njano ikaibuka, karibu nusu ya vifaranga. Hao ndio niliompelekea mzee.

Siku hizi ninaanzia chini kwenda juu: nyayo, idadi ya vidole (vinne kwa Australorp, Dorking ana vitano), miguu isiyo na manyoya, kisha ndewe za masikio, upanga, na manyoya mwisho. Manyoya ndiyo yanayodanganya watu. Na ukiuziwa Kuroiler au Sasso kama "mbegu safi", ondoka. Hao ni chotara, wazuri kwa kazi yao, lakini watoto wao hawatoki kama wazazi.

Kuhusu mayai, wengi wanashika kanuni ya ndewe: nyeupe, yai jeupe; nyekundu, yai la kahawia. Kwa Leghorn na Rhode Island Red utapatia. Ila Dorking ana ndewe nyekundu na anataga meupe, na Araucana wa Chile, naye ndewe nyekundu, anataga ya buluu. Kwa hiyo mimi ndewe nazitazama, lakini hukumu naingoja kwenye yai lenyewe.

Yai la kahawia ni yai jeupe lililopakwa rangi. Ganda hujengwa kwa saa kama 20, na rangi nyingi hupakwa saa za mwisho kabla ya kutagwa. Livunje, bandua ule utando wa ndani, utakuta weupe. La buluu halina weupe huo, rangi imepenya ganda zima. Na kwa kuwa kahawia iko juu juu, inayumba: joto kali, mbwa aliyeingia bandani, ugonjwa, au mtetea aliyetaga miezi mingi mfululizo, vyote hufifisha yai. Akishanyonyoka manyoya na kupumzika, rangi hurudi. Ndiyo maana muuzaji akikuonyesha yai moja lililokoza la mtetea aliyeanza kutaga juzi, usimwamini haraka. Omba trei ya wiki nzima, itazame kivulini mchana, si chini ya balbu, na yasioshwe kwanza. Wafaransa wanaofuga kuku aina ya Marans wana kadi ya rangi yenye hatua 9, kuanzia nyeupe hadi kahawia iliyokoza sana, na yai chini ya hatua ya 4 halihesabiki kuwa la Marans. Australorp hadaiwi ukali huo, kahawia hafifu inamtosha, lakini mayai ya banda moja yanatakiwa yafanane.

(Kiini cha njano kisikuchanganye. Hicho ni mahindi ya njano na majani, hakina habari na mbegu.)

Shida ni jogoo. Hatagi, na nusu ya rangi ya mayai ya binti zake inatoka kwake. Muulize muuzaji akuonyeshe mayai ya mama yake au dada zake. Akianza kuzunguka, rudi stendi.

Huku kwetu hata ukienda maonyesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha, swali la kwanza ni "anataga mangapi?" Swali halali. Australorp walipata jina kwa hilo: mwaka 1922 hadi 1923 huko Australia, mitetea 6 walitaga mayai 1,857 ndani ya siku 365. Lakini hao walikuwa mbegu iliyochujwa vizazi kwa vizazi, si kila kuku mweusi.

Mzee nilimrudishia mitetea wanne. Alimwinua kila mmoja, akalamba kidole, akasugua unyayo kuhakikisha si vumbi.

Yule jogoo tulimla Krismasi. Mke wangu alipomaliza kumnyonyoa, ngozi njano tupu, akaniita jikoni: "Baba, si ungemnyonyoa kabla ya kumnunua?"